Nakala Iliyo Mbali



Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari letu limehamia katika kompyuta. Hapa Vitshumbi, sisi makatekista tunahifadhi humo orodha za wakatekumeni na tarehe za ubatizo. Sisi walimu, alama za wanafunzi. Katika nchi ambamo watu hukimbia vita na kile tu wawezacho kubeba, mkimbizi huja siku moja kuomba hati ya ubatizo ili afunge ndoa. Diski ikiwa imekufa, nani atamthibitishia?

Nayo hufa. Ndani ya diski nyingi mna sahani zizungukazo mara 5400 au zaidi kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kuzigusa. Kompyuta ikianguka huku inafanya kazi, kichwa hukwaruza sahani. Umeme wa jua ukikatika faili linapoandikwa, faili laweza kubaki nusu, lisifunguke tena.

Kanisa lililitambua jambo hili kabla ya kompyuta. Sheria yake ya mwaka 1917 ilimwagiza paroko apeleke kwa askofu, kila mwisho wa mwaka, nakala ya kitabu cha ubatizo. Hekima yake ni umbali. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliangamiza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu mjini Goma. Moto wa namna hiyo hauhesabu nakala: mbili zilizomo katika kabati moja huungua pamoja.

Basi tuwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika fleshi iliyofungiwa kabatini, na moja mbali, kwa mfano Goma, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwetu. Hiyo isafirishwe ikiwa imefungwa kwa neno la siri, maana majina ya watoto ni amana. Tusifute nakala ya mwezi uliopita kwa haraka, kwani faili lililoharibika likinakiliwa, uharibifu nao hunakiliwa. Tena kitabu cha wino kiendelee kuandikwa.

Zaidi ya yote, nakala isiyofunguliwa ni tumaini tu. Kila mwezi tuifungue, tutafute jina moja, tulilinganishe na kitabu. Jina hilo likisomeka, mwenye nalo, popote alipokimbilia, bado ana pa kurudi kuuliza.