Tulimuita Makala

Leo nitakuambia jambo la nyumba yangu mwenyewe.

Tuko na binti mweusi sana. Tangu utoto tulimuita Makala. Ni mimi nilianza. Dada yake, mweupe kidogo, tulimuita Muzungu. Tulicheka, na wao walicheka. Nilizani ni mapendo tu.

Alipofika miaka 16, mama yake aliona mashavu yake yanakuwa mekundu, lakini vidole vimebaki vyeusi. Chini ya kitanda tulikuta chupa mbili za mafuta ya kusafisha ngozi. Nilikasirika, nikachukua Biblia nimuhubirie. Yeye akalia, akasema: “Papa, ni ninyi mulianzaka kuniita Makala. Na wageni bakikuya ku kanisa, munawekaka bale beupe mbele. Mi munaniwekaka nyuma.”

Sikuwa na jibu. Ni mimi ninachagua wasichana wa kupokea wageni. Sikusema hata siku moja kwamba weusi wakae nyuma. Mukono wangu ulichagua tu.

Tulijifunza wapi? Wazee wa Lubumbashi wanajua. Wakati mji uliitwa Élisabethville, kiwanja kitupu kilitenga mtaa wa Wazungu na mtaa wa Weusi. Ngozi ndiyo ilionyesha nani ni mukubwa. Hata watoto wa baba muzungu na mama mweusi, wengi waliondolewa kwa mama zao sababu ya rangi. Katika mwaka 2024 korti ya Brussels ilihukumu serikali ya Ubelgiji juu ya wanawake 5 waliotendewa hivyo utotoni. Wabelgiji waliacha utawala 1960, lakini sikia kinywa chetu: mutu mweusi akipata motokari na cheo kwenye kampuni, tunamuita “muzungu”. Tukiona binti mweupe, tunasema ametoka nyumba nzuri, hata kama hatujui nyumba yao.

Vijana, musikie vilevile habari ya mafuta yale. Mengine yako na zebaki, nayo inaharibu figo. Mengine yako na dawa ya kortizoni: ngozi inakuwa nyembamba, na kidonda kinakawia kupona.

Soma Hesabu sura ya 12. Miriamu na Haruni walimusema Musa juu ya bibi yake Mukushi, mutu wa inchi ya weusi. Mungu akakasirika, na ngozi ya Miriamu ikageuka nyeupe, lakini kwa ukoma! Alitengwa siku 7, na taifa lote lilisimama kumungoja. Maneno ya ndani ya jamaa yalisimamisha kambi nzima.

Na ninyi baba wachimbaji, munajua jiwe la kobalti ni jeusi. Nani kati yenu alilitupa sababu ya weusi wake?

Niliomba binti yangu musamaha mbele ya ndugu zake wote. Sasa tunamuita kwa jina lake la ubatizo. Mafuta ameacha, lakini alama ziko bado kwenye shingo, na siku zingine ninamuona anajitazama kwenye kioo muda mrefu. Kusamehe amesamehe, kupona kunaenda polepole.

Wewe unayesoma, leo jioni watoto wakikusanyika kula, sikiliza majina munayowaitia. Kama kuna moja linalopima ngozi, usingoje mutoto akuambie kwa machozi. Liache leo.