Bunia: dola 99 za programu ao minervali ya mdogo wake?

Kijana mmoja aliyekimbia vita huko Djugu anajifunza mjini Bunia kuandika misimbo, yaani maagizo yanayoongoza kompyuta. Laptopu yake ni ya zamani. Visual Studio Code, ingawa ni ya bure, inailemea.

Rafiki yake akamwonyesha Sublime Text. Ni nyepesi, inafunguka mara moja. Mtu anaweza kuijaribu bure, lakini anayeendelea kuitumia anatakiwa kununua leseni: dola 99, na mapya ya miaka 3 tu.

Pesa hiyo alikuwa nayo. Ilikuwa minervali ya mdogo wake wa sekondari.

Aliwaza siku tatu, kisha akachukua Vim, ya bure na nyepesi pia. Mwanzoni inasumbua, hata kuifunga lazima ufundishwe. Mtungaji wake, Bram Moolenaar, aliyefariki mwaka wa 2023, hakudai bei. Aliomba tu mwenye uwezo asaidie watoto wa Kibaale, huko Uganda.

Mdogo wake amerudi darasani. Kwa mwenye kazi inayomlipa, dola 99 zinaweza kurudi. Kwa anayejifunza, ya bure inatosha. Pesa iende kwanza kwa mega na shule.