Maji huja mwisho



Wengi mmeuliza kwa nini nyumba yetu ya kushonea inanuka terebentini. Tangu kiangazi tunajifunza kuchora kwa rangi za mafuta. Mfano tuliochagua ni maporomoko ya Kalambo, kule kusini mwa ziwa letu, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 200. Picha za namna hiyo watu wanazipenda saloni, na zinanunuliwa.

Kabla ya kushika brashi tulibishana. Mama mmoja wa kando ya Mulongwe, ambaye nyumba yake ilichukuliwa na mafuriko ya Aprili 2020, alisema: "Maji yanayotoka mlimani, mimi siyatundiki ukutani." Hakuna aliyemcheka. Mwezi ule maelfu ya nyumba zilibomoka hapa Uvira, na watu wengi walikufa. Tukamuuliza, basi tuchore nini? Akajibu: "Kama mnataka maji, anzeni na mlima. Maji hayatoki hewani."

Neno lile likawa somo letu, maana ufundi wenyewe unataka hivyo. Tunaanza na mbingu na milima ya mbali. Tazameni milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa: ina kijani, lakini jicho linaiona bluu iliyofifia. Ndivyo tunavyoipaka. Mlima wa karibu unapata kijani kizito. Kisha mawe: jiwe lililolowa ni jeusi kuliko jiwe kavu, na giza lake ndilo linalofanya maji yang'ae.

Maji yenyewe huja mwisho, na si meupe yote. Pale juu yanapoanza kuanguka yanaonyesha rangi ya jiwe. Kivulini ni ya kijivu na bluu. Weupe mtupu unawekwa pale tu yanapopasuka na jua linapoyapiga. Brashi inafuata njia ya maji, toka juu kwenda chini.

Tabaka za kwanza ni nyepesi, zimechanganywa na terebentini. Za juu zinaongezewa mafuta. Ukigeuza utaratibu huo, picha itapasuka baadaye. Madirisha yawe wazi, na watoto wawe mbali. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani msivirundike: vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandazeni nje vikauke.

Mama wa Mulongwe naye alichora. Upande mmoja wa maporomoko aliweka msitu, na maji yake ni safi. Upande wa pili aliweka mlima uliokatwa miti, na maji yake ni ya udongo. Mteja mmoja alitaka kununua, ila upande ule ubadilishwe uwe mzuri kama mwingine. Mama alikataa, ingawa pesa aliihitaji. "Huo ndio uliobeba nyumba yangu," alisema. "Nikiufuta, nitakuwa nimechora uongo."

Kikundi kilikubaliana naye. Picha inabaki kwetu mpaka apatikane mtu wa kuichukua jinsi ilivyo. Kwa sasa watoto wanasimama mbele yake na kuuliza kwa nini mto mmoja una rangi mbili, nasi tunawaeleza habari ya miti. Njooni muitazame, na watoto wenu pia.