Hamburg, Darajani Trostbrücke

Maji yalikuwa yamekupwa. Bahari iko takriban kilomita 100 kutoka Hamburg, lakini mto Elbe hujaa na kupwa, na mifereji ya mjini huufuata. Nikiwa juu ya daraja la Trostbrücke niliona tope la mfereji wa Nikolaifleet, na kando yake jengo la matofali mekundu, makao ya Patriotische Gesellschaft. Watalii wengi huenda kupiga picha jumba jipya la serikali lenye mnara wa mita 112. Mimi nililifuata hili.

Zamani hapa palikuwa na ukumbi wa baraza la mji. Mei 1842 moto ulizuka Deichstraße, mwendo wa dakika chache tu, na ukumbi ukalipuliwa kwa baruti ili kuuzuia moto. Haukuzuilika. Watu wapatao 20,000 walikosa makazi. Nyumba zilijengwa upya haraka, utawala ukabaki ule ule: Seneti iliyojichagulia wajumbe wake, pamoja na mkutano wa raia wenye mali. Mwaka 1848 wanaume wa mji walichagua bunge la katiba. Katiba iliandikwa, Seneti ikakataa kuitekeleza, na mwaka 1849 askari wa Prussia wakaingia mjini.

Miaka kumi ilipita kabla bunge jingine la kuchaguliwa kukutana, Desemba 1859, ndani ya jengo hili nililokuwa nikilitazama. Gabriel Riesser, mwanasheria Myahudi aliyetetea haki za watu wake tangu ujana, alikuwa mmoja wa wajumbe. Mwaka uliofuata akawa jaji wa kwanza Myahudi Ujerumani. Mwaka ule wa 1859, Hamburg na miji miwili wenzake ilifunga mkataba wa biashara na Sultani Majid wa Zanzibar, ambako kampuni ya O'Swald ilikuwa ikinunua kauri za kupeleka Afrika Magharibi. Fedha za pwani yetu zilipita mikononi mwa watu hawa hawa waliokuwa wakibishana kuhusu kura.

Na kura zenyewe ziligawanywaje? Katiba ya 1860 iliweka wajumbe 192. Raia walipa kodi kwa jumla walichagua 84. Wenye nyumba na viwanja walikuwa na viti vyao 48, na majaji pamoja na watu wa idara za mji viti 60. Tajiri aliweza kupiga kura zaidi ya mara moja. Kuli wa bandarini, asiye na ada ya uraia, hakupiga hata moja. Maseneta 18 walikaa maisha yao yote.

Mgawanyo huo uliua watu. Wenye nyumba walisitasita kulipia machujio ya mchanga ya maji ya Elbe, huku Altona, mji jirani, ukiyachuja yake. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1892, Hamburg ilizika zaidi ya watu 8,600, na Altona ikapata wagonjwa wachache zaidi. Masharti ya uraia yalilegezwa mwaka 1896. Lakini makuli walipoanza kupeleka wasoshalisti bungeni, sheria ya 1906 iliwabana tena. Kura sawa, pamoja na ya wanawake, ilifika Machi 1919.