Piki ndogo kwenye milima ya Luofu

Ukitoka Butembo kwenda kusini unavuka mstari wa ikweta, na kiisha kilomita 45 hivi unafika Lubero. Toka hapo njia inapanda mpaka Alimbongo, mahali watu wanavaa koti hata saa sita mchana. Unapita Kirumba na Kayna, unaacha barabara kubwa, unaingia milimani. Huko njo Luofu: parokia, masomo, soko, na mashamba ya viazi na maharagi yaliyoshikilia mlima kama mtoto mgongoni mwa mama. Wakati wa mvua gari linashindwa. Mzigo unashuka kwa chukudu, na mtu anapanda kwa miguu ao kwa piki.

Mimi nilipanda huko mwaka 2019. Shemeji yangu wa Kayna aliniazima piki yake, Yamaha AG100 ya zamani. Ninyi muliozoea njia za machimbo munaijua: ndogo, injini ya 97 cc yenye mapigo mawili, cheni imefungiwa ndani ya sanduku la chuma ili matope yasiile. Mapadri, manesi na watu wa kilimo walitembea nayo vijiji vyote. Shemeji aliniambia: "Hii piki njo minervali ya watoto. Tazama mafuta mbele ya kuondoka."

Nilitazama esanse tu. Tanki lilikuwa limejaa, nikaenda kwa furaha. Kwenye mlima wa mwisho injini ililia kama bati, gurudumu la nyuma likakaza, piki ikasimama. Ilishika. Nilisukuma saa nzima, watoto wakinisaidia na kunicheka.

Sokoni nilimkuta fundi mmoja, mzee, chini ya mkaratusi. Mwezi wa nne 2009 waasi wa FDLR walichoma nyumba nyingi za Luofu, na watoto walikufa ndani. Nyumba ya mzee huyu iliungua na vyombo vyote. Alianza upya na ufunguo mmoja wa bujie. Hakuniuliza pesa. Alifungua tanki dogo la mafuta, akaingiza kidole, kikatoka kikavu. "Mwanangu, umempa maji ya kunywa, lakini umemnyima chakula."

Kijana, sikiliza vizuri maneno haya. Piki ya mapigo mane ina mafuta yake chini, yanazunguka na kurudi. Ya mapigo mawili haina akiba hiyo: mafuta yanaingia pamoja na esanse, yanapaka pistoni, yanaungua, yanatoka moshi. Yakikosekana dakika chache, pistoni inashikana na silinda. AG100 ina pampu inayovuta mafuta toka tanki lake. Tanki likikauka, kulijaza tena haitoshi. Lazima kutoa hewa iliyoingia kwenye mrija wa pampu, ao utaharibu mara ya pili. Kama piki yako ni ya kuchanganya kwa mkono, fuata kipimo cha kitabu chake. Kipimo cha 1 kwa 40 ni robo litre ya mafuta katika litre 10 za esanse. Hapana kupima kwa macho pale kwa kadhafi.

Kijana aliyemsaidia mzee alitaka tuongeze nguvu: tukate eshapema, tupanue matundu ya silinda kwa tupa. Mzee alikataa. "Eshapema ya piki hii si ya kuzuia kelele tu. Inarudisha ndani esanse inayotaka kukimbia. Ukiikata, unapata kelele na unapoteza nguvu."

Yeye aliongeza nguvu kwa njia yake. Kwanza, aliichoma eshapema ndani, masizi ya miaka yakatoka. Pili, aliosha sponji ya filtre kwa sabuni, akaikausha, akaipaka mafuta kidogo, kwani sponji kavu inapitisha vumbi. Tatu, karbiratere. Huku juu hewa ni nyepesi. Kwenye metre 2.000 injini inapoteza karibu sehemu moja juu ya tano ya nguvu yake, na esanse inakuwa nyingi kuliko hewa. Bujie inakuwa nyeusi. Aliweka jiglere ndogo zaidi, bujie ikarudi rangi ya udongo mkavu. "Lakini ukishuka Beni ao Kasindi," aliniambia, "rudisha ile kubwa. Huko chini hewa ni nzito, na jiglere ndogo itachoma pistoni." Nne, alipunguza jino moja kwenye pinyo la mbele, karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Mbio inapungua, mlima unapandika.

Segma mpya zilitoka Butembo siku ya tatu. Siku ya nne niliondoka bila mzigo, gesi kidogo, kwani segma mpya zinahitaji kuzoea. Nilimwambia mzee "Wasingya", akanijibu kwa kicheko tu.

Kazi ngumu ilibaki Kayna. Ningeweza kunyamaza, piki ilikuwa inaenda vizuri kuliko mbele. Lakini fundi mwingine angefungua ile silinda siku moja, na mikwaruzo ingesema. Nilimweleza shemeji yote. Alinyamaza mrefu, kisha akauliza kama pampu ilitolewa hewa. Tulipatana kwamba nilipe minervali ya mtoto wake mmoja mwaka ule.

Mwisho wa mwezi wa sita 2024, vita ilipofika Kanyabayonga na Kayna, jamaa nyingi za kusini mwa Lubero zilikimbia kaskazini. Shemeji alimweka mama mkwe nyuma, kitukuu katikati, akapanda Alimbongo usiku katika mvua. Piki haikukohoa hata mara moja. Walifika Butembo kesho yake.

Basi, msomaji, mwenye piki ya kwake na mwenye ya kuazima: kesho asubuhi, mbele ya kuuliza kama inakimbia, ingiza kidole ndani ya tanki la mafuta.