Kabla ya Kubonyeza "Jibu"

Leo siandiki juu ya PHP. Nataka kuungama.

Mwaka 2007 nilikuwa nakaa nyumbani Kariandusi, karibu na machimbo ya diatomaiti, nikitengeneza tovuti za wateja wa Nakuru. Intaneti yangu ilikuwa simu ya mkononi niliyoiunganisha na kompyuta kwa waya, nikikwaruza kadi moja baada ya nyingine. Kila kilobaiti ililipiwa. Kwa hiyo mtu akijibu "Asante" kwenye listi ya barua pepe, na chini yake ameacha barua kumi za waliotangulia, nilimwona adui. Adabu za listi nilizijua zote: punguza unachonukuu, jibu chini ya swali, usiingize mada mpya ndani ya mada ya mwenzako. Tena niliwasahihisha watu hadharani, kwa madaha.

Basi siku moja rafiki yangu akatangaza kwenye listi kwamba kampuni yake inatafuta mtu wa PHP. Nikabonyeza "Jibu" nikamwandikia: "Huyo mdosi aliyekucheleweshea mshahara miezi miwili, mimi atanilipa lini?" Barua fupi, nukuu nimezikata vizuri kabisa. Kumbe listi ile ilipangwa hivi: majibu huenda kwenye anwani ya listi, si ya aliyeandika. Na mdosi alikuwa mwanachama.

Rafiki alinipigia jioni hiyo. "Bwana, umesoma ulichotuma?"

Mwezi uliofuata mkataba wake haukuongezwa. Nilimwomba msimamizi wa listi aifute ile barua. Akanijibu kwa upole kwamba anaweza kuitoa kwenye kumbukumbu za tovuti, lakini nakala zimeshamfikia kila mwanachama.

Na onyo lilikuwepo! RFC 1855, mwongozo wa adabu za mtandao alioandika Sally Hambridge wa Intel, Oktoba 1995, unatahadharisha jambo hilihili: jibu la faragha linaweza kwenda kwa kundi zima na kuwaaibisha wote. Hata KICTANet, listi ya wadau wa TEHAMA hapa Kenya, kwa miaka mingi ilibandika adabu zake chini ya kila barua: heshimu muda na intaneti ya wenzako, usimshambulie mtu, linda faragha. Mimi nilikuwa nasoma hilo la intaneti tu, maana ndilo lililonigusa mfukoni.

Siku hizi nikitaka kumwandikia mtu mmoja, "Jibu" siigusi. Nafungua barua mpya, nachapa anwani yake herufi kwa herufi, naisoma mara mbili. Inachosha, lakini sijali.

Rafiki yule alipata kazi kwingine, na tunasalimiana vizuri. Akiwa na jambo la kuniambia hupiga simu. Barua pepe hajaniandikia tena.