Nilivyofunzwa uongozi na farasi wa Nanyuki

Ukifika Nyeri usiondoke kabla ya kupita makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Hapo amezikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki Januari 1941. Wengi humkumbuka kwa skafu na kofia. Wachache hujua kwamba alikuwa ofisa wa jeshi la wapanda farasi, na kwamba vijana wake aliwagawa katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake.

Mimi nilikuwa na hamu ya hao farasi. Nikapanda matatu, nikapita Kiganjo na Naro Moru hadi Nanyuki, mji ulio kwenye Ikweta. Nje kidogo ya mji kuna mazizi ya farasi wanaopandwa na wageni. Nilikabidhiwa farasi jike wa kijivu nimwongoze kwa miguu tu, kuzunguka uwanja. Nikavuta kamba. Hakusogea. Nikavuta zaidi, nikamfokea. Wapi! Alikaza miguu akainua kichwa, nami nikabaki nahema mbele ya watu.

"Mama, unamkodolea macho huku unamvuta. Yeye anaona ugomvi tu," akaniambia saisi, mzee mwenye mvi. "Simama kando ya bega lake, legeza kamba, tazama unakokwenda, halafu tembea."

Nilifanya hivyo, na yule jike akanifuata kama kondoo. Nikakumbuka, kwa haya, ninavyowaamsha watoto wangu siku za shule.

Upande wa kaskazini wa mlima kuna watu ambao somo hilo ndilo kazi yao. Shirika la Mount Kenya Trust lina kikosi cha walinzi wapanda farasi, wanaoshirikiana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kung'oa mitego na kuwasaka wawindaji haramu. Huko juu, zaidi ya mita 3,000, kuna mabonde yasiyopitika kwa gari. Farasi mmoja akichechemea, wote hupunguza mwendo, hata mkubwa wa kikosi. Mteremko ukiwa mkali, mpandaji hushuka akatembea.

Ukienda, msomaji, vaa viatu vigumu na usipite nyuma ya farasi. Nenda asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunika kilele cha Batian.